Samoni Asiyeacha Kizazi

SIMULIZI YA KWELI

SEHEMU YA KWANZA: SELI MOJA

Yai la samoni wa Atlantiki lina kipenyo cha milimita 5 hadi 6. Ni kubwa kuliko mayai ya samaki wengi, na asiyelijua angedhani ni rahisi kulichoma sindano. Thubutu! Likirutubishwa na kuingia majini, ganda lake huanza kukaza. Ukichelewa, sindano ya kioo iliyochongwa hadi ncha yake isionekane kwa macho huvunjika kabla ya kupenya.

Na ndani ya yai hilo, kwa saa chache tu, mna seli moja. Ikishagawanyika ikawa mbili, kisha nne, kisha nane, aliyetaka kubadilisha jambo katika mwili mzima wa samaki amechelewa. Atapata samaki wa viraka, sehemu hii imebadilika, sehemu ile imebaki kama ilivyokuwa.

Saa hizo chache ndizo walizokuwa wakizigombania Anna Wargelius na wenzake wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari ya Norwei, yenye makao makuu mjini Bergen. Kituo chao cha kufugia samaki wa majaribio kipo Matre, katika wilaya ya Masfjorden, kaskazini ya mji huo, huko ambako bahari imeingia nchi kavu kwa ghuba ndefu nyembamba zilizobanwa na milima. Kwa kawaida samoni hutaga majira ya vuli. Msimu ukipita, mtafiti hana la kufanya ila kungoja mwingine.

Kwa nini mtu ajitese hivyo kwa ajili ya samaki ambaye tayari anafugwa, ananenepa na kuuzwa dunia nzima?

Jibu liko nje ya maabara, kwenye vizimba. Mwaka 1970 ndugu wawili wa ukoo wa Grøntvedt waliweka samoni wachanga kwenye kizimba cha baharini katika kisiwa cha Hitra. Kazi ile ikashika. Leo Norwei huvuna takriban tani milioni 1.5 za samoni wa kufugwa kila mwaka, na hakuna nchi inayoifikia. Samaki hao wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi wakue haraka, wale vizuri, wavumilie msongamano. Ndugu zao wa mwituni walichaguliwa na mito: na baridi, na maporomoko, na wanyama wawindao, na safari ya kwenda baharini na kurudi pale walipozaliwa.

Kizimba kikipasuka, makundi hayo mawili hukutana. Samoni wa kufugwa hupanda mto, hutafuta mwenza, huzaa. Mnamo mwaka 2000 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la mto Imsa, kusini-magharibi ya Norwei, ambako waliwaacha samaki wa aina zote mbili wazaliane, kisha wakawafuatilia maisha yao yote. Mafanikio ya uzazi ya wale wa kufugwa yalikuwa asilimia 16 tu ya wale wa asili. Asilimia 16 ni ndogo, lakini haikuwa sifuri. Kila tundu la wavu lilikuwa likipeleka mtoni damu ya vizimbani, na damu ikishachanganyika haichujwi tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi Wargelius na wenzake wakajiuliza swali jepesi kulitamka na gumu kulijibu: itakuwaje samoni wa kizimbani asipokuwa na uwezo wa kuzaa kabisa? Atoroke akitoroka, apande mto akipanda, asiache kizazi.

Chombo cha kulijaribu wazo hilo kilifika mwaka 2012. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha jinsi silaha ambayo bakteria hutumia kukata virusi inavyoweza kuelekezwa ikate DNA mahali mtafiti anapotaka. Chombo hicho huitwa CRISPR. Protini yake, Cas9, ndiyo mkasi. Kipande kifupi cha RNA huuongoza hadi kwenye herufi zinazotakiwa. Mkasi hukata, seli hukimbilia kuziba jeraha, na mara nyingi huliziba vibaya, hivyo jeni iliyokatwa hunyamaza. Kazi ile iliwapa wanawake hao wawili Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2020.

Lakini mwaka 2012 hakuna aliyejua kama mkasi huo ungefanya kazi ndani ya yai la samoni. Samaki huyu ana historia nzito: miaka takriban milioni 80 iliyopita, mhenga wake alirudufisha vinasaba vyake vyote, na hadi leo jeni zake nyingi zina pacha. Ukizima moja, huenda ya pili ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wargelius na wenzake wakaamua kuanza na jeni ambazo matokeo yake yangeonekana kwa macho, zile za rangi ya ngozi. Walichagua mbili, tyr na slc45a2. Wakachoma mayai. Wakayalaza kwenye trei za maji baridi. Katika nyuzi 6 za Selsiasi yai la samoni huchukua takriban siku 80 kuanguliwa, na siku hizo hazina njia ya mkato.

Hatimaye maganda yakaanza kupasuka. Vifaranga wakachungulia, kila mmoja na mfuko wa kiini ukining'inia tumboni. Watafiti wakainamia trei.

Je, mkasi ulikata?

SEHEMU YA PILI: BENDERA NYEUPE

Ilipoishia: vifaranga wa Matre wameanguliwa, na swali ni kama mkasi wa CRISPR umefanya kazi ndani ya samoni.

Ulikata.

Katikati ya vifaranga wenye weusi wa kawaida walikuwamo wengine wenye madoa madoa, na wengine ambao hawakuwa na weusi wowote mwilini. Walikuwa samoni wenye ualbino, na kilichowapa rangi hiyo ni jeni iliyokatwa mahali palepale palipokusudiwa. Jambo lililowashangaza wengi katika fani ni kwamba baadhi yao walikuwa wamebadilika kikamilifu katika kizazi cha kwanza. Kwa mnyama anayehitaji miaka mitatu hadi minne kufikia utu uzima, hilo lilikuwa na thamani kubwa, maana hukulazimika kungoja wajukuu ili uone matokeo. Makala yao, yenye jina la Rolf Brudvik Edvardsen mbele, ilitoka Septemba 2014.

Hapo wangeweza kutulia. Wengi hutulia hapo: samaki wa ajabu, picha nzuri, makala imechapishwa. Mimi namheshimu zaidi mtafiti anayekataa kulewa picha nzuri, na kundi hili lilikataa. Rangi haikuwa safari yao. Rangi ilikuwa bendera tu ya kuonyesha kwamba mkasi umefika.

Shabaha yao ilikuwa jeni iitwayo dnd. Kiumbe akiwa bado mchanga kabisa, kabla ya kuwa na moyo unaodunda, seli chache hutengwa na nyingine zote. Hizo ndizo seli za awali za uzazi. Zitasafiri ndani ya mwili mchanga hadi mahali ambapo korodani au ovari zitajengwa, na humo zitakuja kuwa mbegu au mayai. Safarini zinahitaji ulinzi, na dnd ni mmoja wa walinzi wao. Mlinzi akikosekana, seli hizo hupotea, na zikishapotea mwili hauna namna ya kutengeneza nyingine.

Mpango ukawa huu: wachome yai mara moja, lakini ndani ya sindano waweke viongozi wawili wa RNA, mmoja wa dnd na mmoja wa rangi. Kifaranga atakayetoka bila rangi atakuwa anasema kwa ngozi yake kwamba mkasi umeingia ndani yake, na huenda umeikata dnd pia. Hivyo wasingehitaji kumpasua kila samaki ili kujua nani wa kumlea na nani wa kumwacha.

Palikuwa na hofu moja, na haikuwa ndogo. Katika samaki wadogo wa maabara, zebrafishi na medaka, seli za uzazi zikiondolewa jambo la kushangaza hutokea: samaki wote hukua wakiwa na umbo la madume. Kwa samaki hao, mwili unahitaji seli za uzazi ili uweze kuwa jike. Samoni naye akifuata njia hiyo, mfugaji angepata vizimba vilivyojaa miili ya kiume, na hakuna aliyeweza kutabiri homoni zake zingefanya nini, ukuaji wake ungekuwaje, nyama yake ingekuwaje. Mradi mzima ungeweza kufia hapo.

Bendera zikaonekana. Vifaranga weupe wakatengwa, wakalishwa, wakatunzwa. Wakala kama wenzao. Wakakua kama wenzao. Kwa nje hapakuwa na dalili yoyote ya kilichomo ndani.

Siku ya kuwapasua ikafika. Tumbo la samaki mweupe likafunguliwa, vipande vyembamba vya kiungo chake cha uzazi vikakatwa, vikatiwa rangi, vikawekwa kwenye kioo. Jicho likashuka hadi kwenye darubini.

Ndani ya samaki yule mlikuwa na nini?

SEHEMU YA TATU: UKIMYA MWILINI

Ilipoishia: samoni weupe wamepasuliwa, na jicho liko kwenye darubini.

Korodani zilikuwapo. Ovari zilikuwapo pia. Madume walikuwa madume na majike walikuwa majike, kila mmoja na umbile lake, ila ndani ya viungo hivyo hamkuwa na seli za uzazi hata moja. Nyumba zilikuwa zimesimama bila wakazi.

Makala hiyo, ya Februari 2016, ilibeba mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, samoni tasa anaweza kutengenezwa kwa kuzima jeni moja. La pili, ambalo wanabiolojia walilipokea kwa hamu kubwa zaidi, samoni hafuati njia ya zebrafishi na medaka: mwili wake huamua jinsia bila kuzitegemea seli za uzazi.

Mwaka uliofuata kundi hilohilo, Lene Kleppe akiwa mwandishi wa kwanza, likaonyesha kwamba samaki hao hawabalehe. Homoni ambazo kwa kawaida hupanda mwilini mwa samoni anapokaribia kuzaa hazikupanda. Hapa mfugaji naye akatega sikio. Balehe ya mapema ni hasara kwake: samoni akianza kubalehe kizimbani, nguvu zinazopaswa kujenga nyama huenda kwenye uzazi, nyama hupoteza ubora, na samaki mwenyewe huwa dhaifu mbele ya magonjwa. Samaki asiyebalehe angemfaa mfugaji, na kutokuzaa kwake kungeufaa mto. Ni nadra katika ufugaji faida ya mwenye kizimba na faida ya mto kukaa upande mmoja. Kwangu, hilo ndilo linaloifanya kazi hii istahili kusimuliwa.

Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake, na kila mfugaji wa kuku au ng'ombe ameshauona.

Samaki asiyezaa hana watoto. Asiye na watoto hana mbegu ya kesho. Kila samoni tasa wa Matre alitokana na yai lililochomwa kwa mkono, moja moja, na mtu aliyekaa mbele ya darubini. Kwa majaribio, mamia yanatosha. Vizimba vya Norwei hubeba mamia ya mamilioni ya samaki. Hakuna jeshi la watafiti linaloweza kuchoma mayai yote hayo, kila msimu, kabla seli moja haijawa mbili.

Walikuwa wamempata samaki waliyemtafuta, na samaki huyo kwa maumbile yake alikuwa mwisho wa ukoo. Wamzalishe vipi asiyezaa?

SEHEMU YA NNE: WAZAZI WA WATOTO TASA

Ilipoishia: samoni tasa amepatikana, lakini hawezi kuzalishwa.

Ufumbuzi wao ulihitaji kutazama upya kazi ya dnd. Ulinzi wake ni wa lazima mwanzoni mwa maisha, wakati seli za uzazi bado ni chache na ziko safarini. Je, mlinzi akiletwa kwa muda, akafanya zamu yake, kisha akaondoka?

Wakarudi kwenye sindano. Safari hii waliweka mkasi wa kukata dnd, na pamoja nao wakaweka RNA ya dnd iliyotengenezwa maabara, yaani maelekezo ambayo seli huyasoma ili kuitengeneza protini ileile. Jeni ilikatwa, lakini protini ikapatikana kwa siku zile za hatari. Seli za uzazi zikaokoka. Kisha RNA ile ikachakaa na kutoweka, kama RNA zote zinavyotoweka.

Samaki aliyebaki alikuwa kitendawili kinachoogelea. Vinasaba vyake vilisema ni tasa, na mwili wake ulikuwa na seli za uzazi. Dume na jike wa namna hiyo wakikutanishwa, kila mmoja hutoa nakala iliyokatwa, na mtoto hurithi mbili zilizokatwa. Mtoto huyo hakuchomwa sindano, hakupewa mlinzi wa muda, kwa hiyo anatarajiwa kuwa tasa. Jozi chache za wazazi waliookolewa zingeweza kutoa maelfu kwa maelfu ya watoto wasiozaa. Makala ya uokozi huo, ya Hilal Güralp na wenzake, ilitoka mwaka 2020. Mwaka 2022 ikafuata nyingine iliyowafuatilia samoni tasa katika mzunguko mzima wa ufugaji, kuanzia ukuaji na kuingia maji ya chumvi hadi hali ya mwili na minofu yao. Tofauti zilizoonekana kati yao na samaki wa kawaida zilikuwa ndogo.

Kisayansi, mlango ulikuwa umefunguka. Kisheria ulikuwa umefungwa, na bawabu wake alikuwa amesimama pale tangu zamani. Norwei ina Sheria ya Teknolojia ya Jeni ya mwaka 1993. Sheria hiyo haiishii kuuliza kama kiumbe ni salama. Inauliza pia kama kina manufaa kwa jamii, kama kinaendana na maendeleo endelevu, na kama kinakubalika kimaadili. Nchi chache zimeandika maswali hayo waziwazi katika sheria zao, na mimi naona ni maswali ya haki kabisa. Kwa hiyo samoni wa Matre wakabaki kwenye matangi ya ndani.

Kwingineko wenzao walikuwa wakisonga. Marekani ilimruhusu mwaka 2015 samoni wa kampuni ya AquaBounty, aliyetengenezwa mwaka 1989 kwa kumpachika jeni ya ukuaji ya samoni mwingine. Huyo alisubiri kibali zaidi ya robo karne, wanunuzi wengi wakamkwepa, na Desemba 2024 kampuni ikatangaza kusimamisha ufugaji. Japani ilikwenda haraka zaidi. Septemba 2021 iliruhusu kuuzwa kwa samaki aitwaye madai kwa Kijapani, aliyezimiwa jeni inayozuia misuli kukua, kazi ya Masato Kinoshita wa Chuo Kikuu cha Kyoto na Keitaro Kato wa Chuo Kikuu cha Kindai pamoja na wenzao. Mwezi uliofuata ikafuata bunju aliyezimiwa jeni zinazodhibiti hamu ya kula. Wote wawili walihaririwa ili watoe nyama nyingi au wakue haraka. Katika orodha hiyo, samoni wa Matre ndiye aliyehaririwa kwa ajili ya jirani yake wa mwituni.

Na jirani huyo yuko taabani. Mwaka 2021 samoni wa mwituni aliingia kwa mara ya kwanza kwenye Orodha Nyekundu ya Norwei. Juni 2024 waliorudi kutoka baharini walikuwa wachache mno, na mamlaka ikafunga uvuvi katika mito 33 ya kusini katikati ya msimu. Uchafuzi wa kijeni si sababu pekee: chawa wa samoni wanaozaliana vizimbani wamo, na bahari inayobadilika imo. Mwaka 2023 kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti ya kupitia upya sheria ya jeni, na yenyewe iligawanyika: wengi walitaka masharti yalegezwe kwa baadhi ya uhariri, wachache walikataa.

Majibizano hayo hayajamalizika Februari 2025 inaingia. Dhoruba ikapiga pwani ya kaskazini, kizimba kimoja kikapasuka, na samoni takriban 27,000 wakatoweka majini. Kampuni iliyowamiliki ikatangaza kumlipa mvuvi kroni 500 kwa kila samaki atakayemkamata. Wale waliotoroka walikuwa samaki wa kawaida, wenye seli zao za uzazi.

Msomaji wangu wa Mwanza, Kisumu au Jinja, usiichukulie hadithi hii kuwa ya watu wa barafu. Sato aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na ngege, samaki wetu wa asili, karibu atoweke ziwani humo. Leo amebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya jirani. Nchini Tanzania watafiti wamekuta sato akizaliana na jamaa zake wa asili, vilevile kama samoni wa vizimbani na wa mtoni. Vizimba vya sato vinaongezeka ziwani kila mwaka. Kenya ilitoa mwongozo wa kusimamia uhariri wa jeni mwaka 2022, kwa hiyo mlango wa kuuliza maswali upo, na ni juu yetu kuuliza kabla samaki hajafika: amehaririwa kwa faida ya nani, na akitoroka ataacha nini?

Kwa maana mwaka uleule wa 2014, wakati vifaranga weupe wa Matre wakitangazwa, maabara ya Chuo Kikuu cha Kusini-Magharibi mjini Chongqing, China, ilikuwa nayo imechapisha matokeo yake ya CRISPR, na mabadiliko yalirithiwa na kizazi kilichofuata. Samaki aliyechomwa sindano huko hakuwa samoni.

Alikuwa sato.

Sehemu ya tano, Jumamosi ijayo.